Waya Ulioufukia Olbalbal

Baba,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuulizana hali. Sitakuuliza, maana ukinijibu nitakimbia mpaka Mbulu bila viatu. Nakupa tu ya huku. Mama ni mzima, mguu unamsumbua asubuhi lakini fimbo ameikataa, anasema fimbo ni ya wazee. Mahindi ya Rhotia yamebeba vizuri, maharage yameharibiwa na mvua. Mimi Vero wako nipo, nakula, nalala, nagombana na watu kama kawaida.

Jumapili hii unatimiza mwaka. Kutakuwa na misa ya kumbukumbu, kisha watu watakuja nyumbani kula, na ukoo umenichagua mimi nitoe neno la shukrani. Hapo ndipo penye shida. Siku ya kukuzika nilisimama mbele ya watu walewale nikasoma wasifu wako, niliouandika kwa mkono wangu, na ndani yake kulikuwa na uongo. Mwaka mzima nimekuwa nikija kaburini kukupa habari za mbolea na panya wa ghalani, hilo nalizunguka. Sijui kama nina ubavu wa kuusahihisha wasifu ule mbele ya Rhotia nzima. Ndiyo maana naanza na wewe. Nimekaa kwenye meza yako ya kazi hapa dukani Karatu, mlango nimeurudishia ili nisisumbuliwe, na nikimaliza nitakuja kukusomea.

Uongo wenyewe ni huu. Niliandika kwamba uliishi hadi kumwona binti yako akiisikia sauti ya mwanzo wa ulimwengu. Katekista alitikisa kichwa kwa mshangao. Shangazi alipiga vigelegele msibani, fikiria, mpaka akakanywa. Na mimi nilikuwa najua kwamba sijasikia kitu.

Nianzie mbali kidogo, maana nikienda moja kwa moja nitalia, na karatasi hizi nimezitoa kwenye daftari lako la wateja, sitaki kuzilowesha.

Unakumbuka siku niliyokueleza kazi yangu kwa mara ya kwanza? Ulikuwa hapahapa, umefungua redio ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi, miwani imeshuka puani. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo na digrii yangu ya pili, na ulikuwa umechoka kuwaambia watu kwamba binti yako anasoma "mambo ya juu." Nikakwambia nataka kusikiliza haidrojeni. Nikakwambia ndiyo iliyojaa ulimwenguni kabla ya nyota, kabla ya jua, kabla ya udongo huu mwekundu tunaoukung'uta kwenye viatu. Kwamba kila chembe yake ina uwezo wa kutoa wimbi dogo sana la redio, urefu wake sentimita ishirini na moja. Ukachukua rula ukapima mezani, ukaweka alama kwa kalamu. Nikaendelea, kwamba wimbi lile limekuwa njiani tangu enzi hizo, na kwa kuwa ulimwengu unatanuka, njiani limevutwa, likitufikia leo lina urefu wa mita.

"Mita ngapi?" ukauliza.

Tatu, nne, tano, nikasema, inategemea limetoka enzi gani.

Ukaweka rula chini, ukanitazama juu ya miwani. "Sasa hiyo si FM?"

Baba, nimefundishwa na watu wenye vyeo vikubwa, na hakuna aliyenielewa haraka namna ile. Ni FM kweli. Hapo ndipo shida yetu yote ilipo. Sauti tunayoitafuta inakaa palepale penye taarab, mahubiri na mpira, na hata ukizima stesheni zote bado kelele za nyota zilizo karibu yetu zinaifunika maelfu ya mara. Kinachobaki ni shhhh. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo ili ukasikilize kile ambacho wateja wananiletea nikiondoe!" Ulimsimulia kila aliyeingia dukani wiki ile.

Ndiyo maana tulishuka Olbalbal. Hapa Karatu haiwezekani: stesheni, simu, mashine za gereji, madereva wa watalii wakiitana kwenye redio za upepo kwamba simba ameonekana wapi. Kule chini milima inatukinga, kuna nyasi kavu na vumbi na ng'ombe wanaopita kutafuta maji. Ulikuwa tayari unaumwa figo, miguu imeanza kuvimba, na Mama alikukataza. Ukaja. Ulisema huwezi kumwachia mhasibu wa nyota kazi ya fundi.

Tuliweka antena yetu, yale mabamba mawili ya alumini juu ya miguu ya plastiki, kama meza ya kulia chakula iliyosahauliwa porini. Chini yake tukatandika wavu wa waya, na huo wavu ni wewe uliuunga, kipande kwa kipande, umepiga magoti kwenye jua na risasi yako ya kulehemu, huku Mama Nasieku akikucheka. Alipewa na kijiji chake kazi ya kuulinda mtambo ili mbuzi wasipande juu. Alituuliza kitu hiki kinasikiliza nini, nikamweleza, akafikiri, akasema basi ni kama kumsubiri ng'ombe aliyepotea ambaye hujawahi kumwona. Ulimpenda papo hapo.

Nilikuwa na amri moja tu. Usiongeze chuma chochote bila kuniambia, hata msumari, hata ndoo, kwa sababu mawimbi hugonga chuma na kurudi, na chombo chetu hakijui kutofautisha kinachotoka mbinguni na kinachotoka kwenye ndoo. Ukajibu, "Sawa, Daktari," kwa ile sauti unayowajibia wateja wanaokufundisha kazi.

Ningekuwa na akili, ningeitambua ile sauti.

Miezi mitatu baadaye ulikuwa umelazwa. Mimi nilikuwa napanda na kushuka kati ya hospitali na Olbalbal, nachukua data, narudi. Unajua tulichokuwa tunakitafuta, nilikuchorea nyuma ya kalenda: mstari unaoshuka taratibu, na mahali fulani kibonde kidogo, pale nyota za kwanza zilipowaka na haidrojeni ikameza sehemu ya mawimbi. Basi asubuhi moja, hapahapa dukani, nikafungua kompyuta na kibonde kilikuwepo. Mahali pake hasa. Nilisimama nikagonga kichwa kwenye ile rafu ya spika uliyokataa kuihamisha.

Nikampigia simu profesa anayeongoza mradi wetu Dar es Salaam. Akasema, Veronika, tulia, usimwambie mtu yeyote. Kwanza igeuze antena.

Nilijua kwa nini, na wewe ulijua kabla yangu, kwa sababu ndiyo somo lako la kwanza kwangu nilipokuwa sijafika hata darasa la tano. Redio ikileta kelele, usikimbilie bisibisi. Igeuze. Kelele ikibadilika, inatoka mahali fulani nje, ukaitafute. Isipobadilika, ni ya ndani ya redio. Kwetu sisi ni vivyo hivyo ila majibu ni kinyume kidogo: sauti ya haidrojeni inatoka kila upande wa mbingu, kwa hiyo geuza antena utakavyo, kibonde kinabaki palepale. Kikibadilika, kimetoka hapa duniani.

Kuigeuza ni kazi ya siku nzima kule chini, kisha siku nyingine nyingi za kusubiri data mpya. Na daktari alikuwa ameniita pembeni asubuhi ileile.

Sikushuka Olbalbal, Baba. Nilichapisha grafu kwenye karatasi, nikapanda bodaboda, nikaja kwako.

Uliishika kwa mikono miwili. Uliiangalia muda mrefu, kidole kikafuata mstari mpaka kwenye kibonde kikasimama. Nilisema, "Baba, tumeisikia." Na wewe hukusema hongera, hukusema asante Mungu. Uliuliza neno moja.

"Umeigeuza?"

Nikasema ndiyo. Nikaongeza, "Haikubadilika." Sikulazimika kuongeza. Ukaniambia, "Vizuri, mwanangu," ukaiweka grafu kifuani, ukafumba macho. Siku nne baadaye ukatuacha.

Haya. Nimeandika. Mkono haukukatika.

Baada ya msiba nilishuka. Nikasaidiana na vijana wawili wa pale kijijini, tukaigeuza robo mzunguko. Nikakaa Olbalbal siku kumi, nikila ugali na maziwa ya Mama Nasieku, nikingoja. Data ilipokuja, nusu ya kibonde ilikuwa imeondoka na nusu nyingine imehamia kando. Haikuwa mbingu. Nilikagua kila kitu, kebo, betri, unyevu, kinyesi cha mbuzi. Wiki nzima natambaa kwenye wavu. Mwishowe Mama Nasieku, aliyekuwa ananitazama tu amekaa kivulini pa gari, akasema, "Umeshaangalia ule waya wa mzee?"

Nikasema waya gani.

Akaniambia mzee alimwomba asiseme. Siku ile nilipokwenda kuonana na viongozi wa kijiji, ulichimba mfereji mwembamba kutoka kwenye kona ya wavu, ukafukia waya, ukapigilia nondo mbele huko, ukasawazisha udongo na hata ukarudishia nyasi juu. Ulimwambia, "Msichana wangu anajua nyota, lakini radi za huku hazijui."

Nikachimba. Ni waya wa ethi, wa kuipeleka radi ardhini, wa shaba, mrefu kuliko duka hili mara nne. Na pale ulipoungwa na wavu palikuwa na mizunguko mitatu, risasi juu yake, kisha mpira wa tyubu ya baiskeli umefungwa na kukazwa kwa uzi. Hakuna fundi mwingine Karatu anayemaliza hivyo. Redio zako zote ziko hivyo ndani. Nilikaa kwenye vumbi nikaushika ule mpira, na hapo ndipo nilipokulilia hasa, kuliko kanisani, kuliko makaburini.

Kisha nikakasirika. Samahani, lakini usije ukasikia kwa wengine. Nilikutukana kwa Kiiraqw, kwa sauti kubwa, mchana kweupe, mbele ya mbuzi sijui wangapi. Waya mrefu namna ile ukiwa ardhini huimba kwa masafa yake wenyewe, na wa kwako ulikuwa unaimba palepale ambapo vitabu vinasema haidrojeni itasikika. Nilikukataza ndoo, Baba! Wewe ukaniwekea nondo!

Mama Nasieku akasubiri nimalize. Halafu akasema, "Alikuwa anakuogopea." Akaenda kuwakusanya mbuzi wake.

Nikuambie ukweli mwingine, nao si mzuri. Sikuung'oa siku ile. Niliufukia tena nikaondoka. Nilijiambia ni kazi ya mwisho ya mikono yako, siwezi. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Waya ukibaki, kibonde kinabaki, na wasifu wako unabaki. Zipo hata njia za kihesabu za kuupamba mstari, ukaondoa usilolipenda ukaacha unalolipenda, na mtu wa mbali asijue. Nilikaa na wazo hilo wiki tatu. Nilikuwa nikiingia hapa dukani naona kwenye daftari lako redio ulizozirudisha kwa wenyewe na kuandika, "Haijapona, nimemwambia." Umeandika hivyo mara nyingi, Baba, nimehesabu kurasa tu nikaacha. Hukuwahi kumrudishia mtu redio mbovu ukamwambia nzima.

Nikashuka nikaung'oa. Mstari ukanyooka. Hakuna kibonde, hakuna chochote, ni shhhh tupu.

Kwenye mkutano wa mradi nilieleza yote kwa kompyuta, watu wa Dar na wa nje wakisikiliza. Profesa akauliza nani aliweka waya. Ningeweza kusema "fundi mmoja." Nikasema, baba yangu. Mmoja wao akauliza kwa nini, nikajibu kwa ajili ya radi, na yule mtu akacheka kidogo. Nilimkariri sura.

Mvua za kwanza hazikumaliza wiki. Radi ikapiga palepale Olbalbal, ikaunguza amplifaya, mguu mmoja wa antena ukayeyuka kama mshumaa. Mama Nasieku alinipigia simu akasema, "Njoo uone, mzee amekasirika." Na kesho yake profesa akanipigia. Sauti ya unyenyekevu kabisa. "Veronika, hivi yule mzee alifukia ule waya kina gani?" Nilicheka peke yangu humu ndani mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuchungulia kama nimechanganyikiwa.

Sasa tumekubaliana hivi. Tunaposikiliza, hakuna waya. Wingu likianza kukaa juu ya mlima, Mama Nasieku anachomoa kebo ya antena na kuunganisha ethi kwa mkono wake, na mawingu yakiondoka anaitoa na kuandika saa kwenye daftari. Nimemfundisha ile mizunguko mitatu. Anafunga vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo la waya nimekusamehe, nadhani na wewe la matusi umenisamehe. Lililobaki ni lile neno langu la hospitali. Nimejitetea sana kichwani. Nilitaka uondoke na kitu mkononi. Sikutaka miaka yako yote ya kunisomesha iishie kwenye "bado tunatafuta." Lakini nikiwa mkweli, nilijisikia mimi vizuri kukuona umeshika ile karatasi. Nilikuharakishia jibu, na sikukupa nafasi ya kuniambia jambo ambalo najua ungeniambia.

Jana nikamwambia Mama. Nilikuwa nimepanga maneno. Alikuwa anachambua maharage yaliyopona, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akaendelea kuchambua, kisha akasema, "Baba yako alijua."

Nikamwuliza alijua nini.

Anasema nilipotoka tu mle wodini ulimwambia, "Hajaigeuza huyu." Yeye akasema basi mwite umwulize vizuri. Ukamkatalia. Ukasema, "Mwache. Amekuja kunifurahisha, na nimefurahi. Ataigeuza tu, nimemfundisha mimi." Kisha ukaomba maji.

Mwaka mzima, Baba! Mwaka mzima Mama amekaa na maneno hayo! Nimemwuliza mbona hakuniambia, akasema sikumwuliza, na kwamba wewe ulimwagiza angoje mpaka niseme mwenyewe. Nyie watu wawili sijui niwafanye nini. Nilitoka nikaenda kusimama shambani, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke nilipumua mpaka chini.

Basi Jumapili nitasimama. Nimeshaliandika neno la shukrani, ni fupi, maana chakula kitakuwa kinapoa. Nitawashukuru waliochimba, waliopika, walioimba. Kisha nitasema kwamba wasifu tuliousoma mwaka jana ulikuwa na kosa moja, na kosa ni langu. Kwamba Boay, fundi redio wa Karatu, hakufa akijua kwamba binti yake ameisikia sauti ya mwanzo wa ulimwengu. Alikufa akijua kwamba binti yake amemdanganya, na kwamba atarudi kuitengeneza kazi vizuri.

Shangazi hatapiga vigelegele. Sawa tu.

Jumatatu nashuka Olbalbal na amplifaya mpya. Huenda tutasikia kitu mwaka huu, huenda ni mimi nitakuwa na mvi ndipo tusikie, huenda watasikia wengine. Nakuahidi hili moja: sitamletea tena mgonjwa jibu ambalo sijaligeuza.

Pumzika, Baba yangu. Miguu haikuumi tena, na hilo nalishukuru kila siku.

Wako,
Vero